Ameandikiwa au amechagua? Siku tatu nilizomchelewesha baba

Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka tunapofika kwenye nguzo ya sita ya imani, yaani kuamini Qadar, kheri yake na shari yake, huwa najua mapema kwamba kipindi hakitatosha. Katika nguzo tano za mwanzo vijana huandika na kunyamaza. Hii ya sita huwanyanyua vitini.

Mwaka huu aliyeanza ni kijana wa kidato cha tano ambaye hakuwa ameandika zoezi. Nilipomuuliza sababu, alisimama kwa adabu kabisa akasema: "Ustadhi, Allah alijua tangu azali kwamba sitaandika. Ujuzi wake haukosei. Sasa mimi ningewezaje kuandika?" Darasa likacheka. Nami nikamjibu kwa mzaha kwamba basi na sifuri ninayokupa nayo iliandikwa tangu azali, usinilaumu. Wakacheka zaidi, yeye akakaa.

Baada ya kipindi alinifuata nje ya ofisi ya walimu, na safari hii hakuwa anatania. Alisema anaamini jambo hili lakini halielewi. Kama hakuchagua, kwa nini ahojiwe Siku ya Kiyama? Na kama amechagua, kwa nini tunaambiwa kalamu zimeshanyanyuliwa? Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo.

Ndugu msomaji, sikuahirisha kwa kukosa jibu la kitabuni. Jibu la kitabuni ninalo, nimelisoma chuo kikuu na nimelisahihisha kwenye karatasi za mitihani mara nyingi mno. Niliahirisha kwa sababu swali lile ni langu pia, na ninalo tangu mwaka 2014.

Jumanne moja ya mwaka huo mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, Mkuranga. Baba alikuwa na homa tangu Jumapili. Dawa za zahanati alikuwa amekunywa, lakini usiku uliopita alitetemeka hadi kitanda kikatikisika, na asubuhi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mama alisema: "Njoo umchukue, baba, umpeleke hospitali ya mjini." Mezani kwangu kulikuwa na marundo mawili ya karatasi za mtihani wa muhula na alama zilikuwa zinadaiwa. Nikamwambia nitakuja Ijumaa baada ya swala. Nilijua kwamba mzee wa umri wake akianza kuweweseka kwa homa, hilo si jambo la kusubiri. Hakuna mtu wa Pwani asiyejua hilo. Nilijua, na nikasema Ijumaa.

Ijumaa nilipofika hakunitambua. Daktari alisema malaria imepanda kichwani na figo zimechoka, akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba angeletwa mapema kidogo wangekuwa na la kufanya. Baba alifariki alfajiri ya Jumapili. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Msibani watu walinishika mkono wakaniambia siku zake zimefika, kazi ya Mola haina makosa. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea dini katika ukoo, nilisimama makaburini nikaeleza habari ya ajali ya kila nafsi, ile ajal ambayo ikifika haicheleweshwi hata saa moja wala haitangulizwi. Kila nililolisema lilikuwa kweli. Watu walifarijika. Na wakati nasema, nilikuwa najua kwamba nimejificha nyuma ya ukweli ule.

Sasa turejee kwenye swali la kijana. Wapo wanaodhani swali la hiari limeletwa na Wazungu pamoja na vitabu vyao vya falsafa. Sivyo. Imam Muslim ameanza Kitabu cha Imani katika Sahihi yake kwa riwaya inayomtaja Ma'bad al-Juhani kuwa mtu wa kwanza kuzungumza juu ya Qadar mjini Basra, na hiyo ilikuwa karne ya kwanza ya Hijra, baadhi ya Masahaba wakiwa bado hai. Upande mmoja wakasimama waliosema mambo hayakutanguliwa na makadirio, mtu ndiye anayeyaanzisha. Upande wa pili wakasimama akina Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, waliosema binadamu hana uwezo wowote, na kwamba tunaposema fulani ametenda ni kama tunavyosema mti umeanguka. Wapo pia wanahistoria wanaoeleza kwamba wapo watawala wa Banu Umayya waliopendezwa na fikra hii ya pili, maana dhulma ikishaitwa makadirio ya Allah, nani atamlaumu mtawala? Jambo hilo si geni kwetu.

Kisha akaja Imam Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, na fundisho la kasb: kwamba Allah ndiye muumba wa tendo na mja ndiye mwenye kulichuma. Niseme kweli, sijawahi kupata mwanafunzi aliyelielewa siku ya kwanza. Hata wasomi wa zamani walikuwa na utani wao kwamba jambo lisiloshikika ni jembamba kuliko kasb ya Ash'ari. Lakini moja ya hoja zake kila mtu anaiweza. Mtu anaijua tofauti iliyopo baina ya mkono unaotetemeka kwa homa na mkono anaounyanyua kwa kutaka. Hahitaji kusomeshwa wala kuletewa shahidi. Mkono wa baba ulitetemeka Jumatatu usiku, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Mkono wangu uliiweka simu mezani Jumanne ukachukua kalamu nyekundu. Ole wangu nikidai kwamba mikono ile miwili ni sawa.

Nilipomweleza kijana hayo wiki iliyofuata, alikuja amejiandaa. Alikuwa amesoma mahali kwamba wanasayansi wamethibitisha hiari haipo. Nikafurahi, maana habari hiyo naijua. Ni majaribio ya Benjamin Libet wa California, yaliyochapishwa mwaka 1983. Watu waliwekwa vifaa vya kupima umeme wa ubongo, wakaambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakao, huku wakitazama nukta inayozunguka kama mshale wa saa ili waseme ni wakati gani walipohisi wametaka kukunja. Ikaonekana kwamba ubongo unaanza kujiandaa kiasi cha nusu sekunde kabla ya tendo, wakati mtu mwenyewe anahisi kutaka kiasi cha sehemu mbili tu za kumi za sekunde kabla yake. Kwa hiyo, wakasema, ubongo umeshaamua na wewe unapewa taarifa.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Tuna tabia mbaya ya kuipigia makofi sayansi inapokubaliana nasi na kuizomea inapotuuma. Lakini Libet mwenyewe hakufika huko wanakofika wanaomnukuu. Yeye aliona bado ipo nafasi ya mtu kulizuia tendo ambalo ubongo umeshaanza kuliandaa. Baadaye, mwaka 2012, Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kwamba ule umeme wa mwanzo unaweza usiwe uamuzi kabisa, bali mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka. Na juu ya yote, kukunja kifundo cha mkono bila sababu si kuamua. Hakuna aliyepima ubongo wa mtu anayejadiliana na nafsi yake kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Mimi sikuwa na nusu sekunde, nilikuwa na siku tatu. Jumatano niliwaza kuondoka nikajiambia nimalize rundo la kwanza. Alhamisi niliwaza tena.

Kijana akauliza: "Basi na ujuzi wa Allah je?" Nikamletea mfano ninaoupenda. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wakafurika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kuliangalia likibaki pete. Wanajimu walijua siku na dakika miaka mingi kabla. Je, ujuzi wao ndio ulioupeleka mwezi mbele ya jua? Akafikiri kidogo, akasema: "Lakini ustadhi, wamejua kwa kuwa mwezi hauna hiari." Nilinyamaza. Miaka yote natumia mfano ule na hakuna aliyewahi kunikamata.

Ikabidi nitafute mwingine. Mimi leo najua kwa yakini kwamba Jumanne ile nilisema Ijumaa. Ujuzi huo haubadiliki, na hata dunia nzima ikijitahidi haiwezi kuifanya Jumanne ile kuwa nyingine. Hata hivyo ujuzi wangu haukunilazimisha, kwa sababu umelifuata tendo, haukulisukuma. Sisi tumefungwa ndani ya siku, jana iko nyuma na kesho iko mbele. Allah (S.W.) ndiye aliyeziumba siku, hangoji Jumatano ifike ili aijue. Huu nao ni mfano tu na una kasoro zake, maana ujuzi wake haufanani na kumbukumbu ya mja, na makadirio yake si ujuzi peke yake. Lakini angalau unaonyesha kwamba kujulikana kwa tendo na kulazimishwa kwa tendo ni mambo mawili.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba kuchelewa kwangu kulikuwa nje ya Qadar. Hakuna kilicho nje. Katika Surat at-Takwir, aya mbili za mwisho zimekaa pamoja, moja inataja atakaye miongoni mwetu kunyooka, na inayofuata inasema hatutataka ila Allah atake. Zinakutana vipi hizi mbili? Kwa undani wake mimi sijui, na wasomi wakubwa kuliko mimi waliusimamisha mjadala hapo. Lakini lipo jambo ambalo silihitaji kujua undani huo ili nilione. Jumanne ile mimi sikujua kilichoandikwa. Sikuwa nimeisoma Lauhul Mahfudh nikakuta "atachelewa", nikatii. Nilikuwa nimesoma karatasi za mtihani. Nilichagua kwa sababu ya karatasi, na habari ya maandiko niliileta Jumapili makaburini.

Na hivi ndivyo Qur'an ilivyowajibu washirikina katika Surat al-An'am, aya ya 148. Walidai kwamba lau Allah angetaka, wao wala baba zao wasingeshirikisha. Hawakujibiwa kwamba Allah hana uwezo wa kutaka. Waliulizwa kama wanayo elimu yoyote ya kuitoa. Ni swali linalokata mizizi. Anayesema "nimefanya kwa kuwa iliandikwa" anadai sababu ambayo wakati wa kufanya hakuwa nayo mkononi. Hakuna mwizi aliyewahi kuiba kwa sababu ya Qadar. Ameiba kwa sababu ya tamaa au njaa, na Qadar ameikuta kituo cha polisi. Tena mtu huyo huyo ukimkopa shilingi elfu hamsini ukashindwa kulipa, ukamwambia ndivyo ilivyokadiriwa, atakuburuza mpaka kwa mjumbe.

Iblis alipoasi alilielekeza jambo kwa Mola wake, kwamba Wewe ndiye uliyenipoteza. Adam na Hawwa (A.S.) waliposahau na kula, walisema wamezidhulumu nafsi zao. Zote mbili zimo katika Surat al-A'raf na zimetengana kwa aya chache tu. Adam alikuwa anajua kama Iblis kwamba hakuna kitu kinachotokea bila ya Allah kutaka. Hakulisema hilo mahali pa kukiri kosa.

Lakini huyo huyo Adam, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alihojiana na Musa (A.S.), na Musa alipomlaumu kwa kututoa Peponi, Adam alimjibu kwa Qadar, na Mtume (S.A.W.) akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Inakuwaje? Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wanaeleza kwamba Musa alimlaumu kwa msiba, yaani kutolewa, na msiba ndipo mahali pake Qadar. Kwa kosa lenyewe Adam alikwisha tubia. Nilipoisoma tafsiri hiyo kwa mara ya kwanza, chuoni, niliiandika kwenye daftari kama jibu la mtihani. Miaka michache baada ya mazishi ya baba niliisoma tena, nikafunga kitabu.

Maana mimi nilikuwa na mambo mawili na nimeyachanganya kuwa moja. Kifo cha baba ni msiba. Kuchelewa ni kosa. Kwa miaka mingi akili yangu ilikuwa inakimbia baina ya nyumba mbili ambazo hakuna hata moja iliyopo. Katika ya kwanza, nimekwenda Jumanne ile ile, baba amepona, amekaa barazani anakunywa kahawa na kuuliza bei ya korosho. Naiona nyumba hiyo hadi rangi ya kanzu yake. Lakini haipo, na sijui kama ingekuwepo, kwa sababu daktari alisema wangekuwa na la kufanya, hakusema angepona. Hili ndilo "lau" ambalo Mtume (S.A.W.) ametukataza, kwamba linafungua kazi ya shetani. Katika nyumba ya pili, hakukuwa na simu yoyote wala siku tatu, ajal ilifika tu ikamkuta. Nyumba hiyo nayo haipo. Simu ilipigwa.

Watu wengi husoma ile hadithi ya "lau" kuanzia mwisho wake. Imo katika Sahih Muslim, na kabla ya katazo hilo Mtume (S.A.W.) ametuamuru tulikimbilie lenye kutufaa, tumtake Allah msaada, wala tusilegee. Amri ya kutolegea imetangulia. Mimi nililegea Jumanne, nikaichukua faraja Jumapili.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari ya tauni, ile iliyokuja kuitwa tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wakatofautiana, akawaita Ansari wakatofautiana, akawaita wazee wa Kikureshi wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Alipotangaza kurudi, Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akatamani maneno hayo yangesemwa na mtu mwingine, kisha akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia Qadar ya Allah kuelekea Qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine ni kame. Popote atakapolisha ngamia wake atakuwa amelisha kwa Qadar. Akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba tauni ikiwa mahali usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah, akarudi. Abu Ubayda akabaki na watu wake, akafa katika tauni hiyo, na hakuna anayemtia lawamani. Kila mmoja alitenda kwa kile alichokijua siku ile.

Nayasema haya gazetini, badala ya kuyamaliza na mwanafunzi wangu, kwa sababu tumekuwa umma wa kujificha makaburini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu wapatao 600, na tume iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba ndani yake walikuwemo zaidi ya 2,000. Kumwambia mama wa Pemba aliyepoteza watoto kwamba siku zao zilifika ni haki yake, tena ni dawa. Kumwambia hivyo hivyo aliyepakia watu mpaka wakakaa juu ya magunia ni kumpa dawa ya mtu mwingine. Sisi masheikh na walimu hutoa hotuba moja, na wote wawili wanaisikiliza.

Kijana wangu aliandika zoezi. Alilileta kwa kuchelewa na nikamkata alama, hakulalamika.

Mwezi uliopita nilikwenda Mkuranga. Nilikuwa nimeshatubia kwa Allah mara nyingi, lakini haki ya kiumbe huombwa kwa kiumbe, na mama ndiye aliyebaki. Tulikaa uwani, akichambua mchele. Nikamwambia: "Mama, siku ile uliponipigia, nilijua kwamba baba ana hali mbaya. Sikushindwa kuja. Nilikuwa na karatasi tu." Hakuacha kuchambua. Baada ya muda akasema alijua, kwa sababu siku ile nilimwambia Ijumaa kabla hajamaliza kunieleza. Kisha akasema amenisamehe, na Allah anisamehe.

Nilidhani tumemaliza. Akaniambia dada yangu mkubwa, anayekaa nyumba ya tatu, anakohoa wiki ya tatu sasa na usiku anatoka jasho, na anasema ni vumbi la shamba. Nikamwambia kesho asubuhi nitampeleka akapimwe makohozi.

Mama akautikisa ungo, akaniuliza kwa nini isiwe leo.